Cherehani ya Mtumba Imekwama: Tafuta Iliposhikwa Kabla ya Kutia Nguvu

Cherehani nyingi za kiwandani zinazouzwa kama mtumba Afrika Mashariki zimekaa bila kazi muda mrefu kabla ya kumfikia fundi. Zipo zilizotoka katika viwanda vya Japani na Ulaya vilivyofungwa au kubadili mitambo, zikasafiri baharini ndani ya kontena hadi Mombasa au Dar es Salaam. Zipo za hapahapa, zilizouzwa pale viwanda vya nguo vya maeneo ya EPZ, yaani ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje, vilipopunguza kazi. Njiani na ghalani mafuta hukauka, hewa ya chumvi hupenya, na kipande cha uzi kilichobaki ndani hakuna anayekikumbuka. Siku ya kuifunga mezani, gurudumu la mkono linagoma. Hoja ya mwongozo huu ni moja: cherehani iliyokwama karibu kila mara imeshikwa mahali pamoja au pawili tu, na kazi yako ni kupajua mahali hapo kwa kutoa kitu kimoja baada ya kingine, ukipima gurudumu kila hatua. Anayeanza kwa nguvu huifuta dalili iliyokuwa ikimwonyesha njia, na mara nyingi huongeza ubovu wa pili ulio ghali kuliko ule wa kwanza.

Ili uone kwa nini, tazama jinsi kichwa cha cherehani ya sindano moja kinavyofungamana. Chukua Juki DDL-8700, ambayo mafundi wengi wameizoea. Gurudumu huzungusha shafti ya juu. Kutoka hapo mwendo unagawanyika: upande mmoja unashusha na kupandisha sindano pamoja na mkono unaovuta uzi, mwingine unaendesha meno yanayosogeza kitambaa, na mwingine unashuka kwa gia hadi shafti ya chini inayozungusha ndoano. Ndoano huzunguka mara mbili kila sindano inaposhuka mara moja. Cherehani hii imeundwa kufikia mishono 5,500 kwa dakika, kwa hiyo ndoano yake inaweza kuzunguka mara 11,000 kwa dakika, chuma juu ya chuma, bila beringi kati yake na kikombe cha ndani kinachobeba bobini. Kinachovitenganisha ni utando wa mafuta tu. Na ncha ya ndoano inapita kando ya sindano kwa nafasi ya milimita 0.04 hadi 0.1, yaani nafasi isiyozidi unene wa karatasi ya kuandikia. Mambo mawili yanafuata hapo. La kwanza, kwa kuwa kila kitu kimefungwa kwenye shafti moja, kiungo kimoja kikishikwa mashine nzima inasimama, hata kama vingine vyote ni vizima. La pili, ukilazimisha gurudumu, nguvu yako haiendi mahali palipokwama peke yake. Inapita kwenye gia na skrubu zote zilizo njiani, na skrubu ikiteleza kidogo kwenye shafti, ile nafasi ya karatasi imeshapotea.

Anza na umeme. Chomoa plagi, usizime swichi tu. Kama mota ni ya klachi, subiri mpaka mngurumo uishe, kwa sababu mota hiyo huendelea kuzunguka kwa muda baada ya kukata umeme na pedali ikiguswa itavuta kichwa. Kama ni ya servo, usifungue kisanduku chake mara moja. Ndani mna kapasita zinazohifadhi umeme, subiri angalau dakika 5. Kisha toa mkanda kwenye puli. Hatua hii ndogo inawaokoa watu fedha nyingi, maana cherehani kadhaa zinazoitwa mbovu hazina ubovu wowote kichwani. Mota ya klachi ina breki: pedali isipokanyagwa, breki inashika puli, na ukijaribu kuzungusha gurudumu mkanda ukiwa umefungwa utadhani kichwa kimekwama. Mkanda ukitoka na gurudumu likazunguka laini, umeshajua kwamba tatizo liko chini ya meza. Hapo angalia breki, angalia kama kifuniko cha mkanda kinasugua puli, angalia kama gurudumu la kujazia bobini limelala juu ya mkanda. Mota inayonguruma bila kuzunguka ina sababu zake: kapasita imekufa, au mota ni ya fezi tatu na fezi moja haifiki, au imetengenezwa kwa umeme usio wa kwetu. Japani hutumia volti 100 majumbani na volti 200 za fezi tatu viwandani, ilhali soketi za Tanzania ni volti 230 na za Kenya 240, na fezi tatu zetu ni volti 400 au zaidi. Mota ya namna hiyo usiijaribu hata kwa sekunde chache. Mpe fundi umeme, au nunua servo ya fezi moja, nawe uendelee na kichwa.

Sasa gurudumu lako halina kinacholizuia isipokuwa kichwa chenyewe. Lishike kwa kiganja, lizungushe upande wa kazi, yaani sehemu ya juu ya gurudumu ije kwako ukiwa umekaa kama mshonaji, halafu lirudishe. Usitumie spana wala bomba. Mkono mtupu una kipimo ambacho spana haina: unahisi. Ukihisi uzito ulio sawa kila mahali, gurudumu likienda polepole bila kugonga kitu, hayo ni mafuta ya zamani yaliyogeuka ulimbo. Likienda vizuri kisha likasimama ghafla, ukirudisha likaenda tena na kusimama upande wa pili, kuna kitu kigumu kilichokaa njiani: kipande cha sindano, uzi uliosokotana, au viungo viwili vinavyogongana. Lisipotikisika kabisa, fikiria kutu kwenye shafti, au ndoano iliyoganda juu ya kikombe chake. Chukua chaki, weka alama kwenye gurudumu mahali linaposimama, na utazame sindano iko wapi wakati huo. Likisimama sindano ikiwa ndiyo kwanza inaanza kupanda kutoka chini kabisa, hapo ndipo ndoano hupita, basi sindano na ndoano zinagusana. Likisimama meno yakiwa yamechomoza juu ya bamba linalopitisha sindano, shuku meno. Hesabu pia: ugumu unaojitokeza mara mbili katika mzunguko mmoja wa gurudumu kwa kawaida uko kwenye shafti ya ndoano, kwa sababu ndiyo inayozunguka mara mbili; unaojitokeza mara moja uko juu au kwenye mfumo wa meno. Ugumu unaohama, leo hapa kesho pale, ni kitu kilicholegea kinachotembea ndani. Hakuna spana itakayokueleza hayo.

Baada ya kusoma gurudumu, punguza vitu. Toa sindano, upime. Toa mguu wa kukandamizia kitambaa, upime. Weka kipimo cha mshono kwenye sifuri, upime tena. Kama kukwama kumetoweka, meno yalikuwa yanagonga mwisho wa tundu la bamba, jambo la kawaida sana kwenye mtumba kwa sababu wauzaji huchanganya bamba la cherehani moja na meno ya nyingine ili kukamilisha mashine ya kuuza. Legeza skrubu mbili za bamba, liinue, pima tena. Chini ya bamba mara nyingi utakuta vumbi la pamba lililoshindiliwa na kulowa mafuta mpaka limekuwa gumu kama ubao, limejaa chini ya meno na kuyazuia yasishuke. Litoe kwa kibanzi cha mti na mswaki, usilipulize kwa hewa ya kompresa, maana utalisukuma ndani ya ndoano. Toa bobini na kesi yake. Ukifika hapa bila kufungua chochote cha maana umeshajibu maswali karibu yote mepesi, nayo ndiyo yanayorudia mara nyingi zaidi.

Kama bado, nenda kwenye ndoano, na hapa usiwe na haraka. Kichwa ni chuma kizito, zaidi ya kilo 20, kwa hiyo hakikisha kigingi cha kukiegemezea kipo nyuma ya meza kabla ya kukilaza. Mtumba mwingi huja bila kigingi hicho, na kichwa kikianguka kinyumenyume mkono wake unaweza kupasuka. Kikiwa kimelala, washa tochi uangalie pale ndoano inapozunguka kikombe cha ndani. Kati ya viwili hivyo kuna mfereji mwembamba, na humo ndimo uzi unapoingia na kujikaza. Uzi wa poliesta una tabia mbaya kuliko wa pamba: huyeyuka kwenye joto la nyuzi 250 hivi za Selsiasi, na ndoano kavu inayokwenda kasi huweza kuufikisha huko, ukayeyuka, ukaganda mferejini kama gundi. Ndiyo sababu cherehani inaweza kusimama ghafla katikati ya kazi na ikakataa kabisa, ingawa hakuna kilichovunjika. Dondosha mafuta mepesi ya cherehani mferejini, ngoja, kisha tikisa gurudumu mbele na nyuma kwa sentimita moja moja. Uzi ukianza kuonekana uvute kwa kibano. Usiingize wembe wala msumari, kwa sababu mkwaruzo mmoja ndani ya mfereji utakata uzi kila siku baada ya hapo, na ndoano itakuwa imekufa kwa mkono wa aliyekuja kuiponya. Chunguza pia kama kipande cha sindano kimelala humo; sumaku ndogo hukitoa vizuri.

Ndoano ikikataa kutikisika, iondoe kwenye shafti yake. Kabla ya kugusa skrubu yoyote, weka alama: mstari mmoja wa kalamu ya chuma unaoshika ndoano na shafti kwa pamoja, na picha ya simu kutoka pembe mbili. Picha hiyo haigharimu kitu na itakufaa kuliko kumbukumbu. Legeza kidole cha chuma kinachozuia kikombe kisizunguke, legeza skrubu za ndoano, kisha ivute polepole huku ukiizungusha. Sasa pima gurudumu. Likizunguka, umethibitisha kwamba shafti, gia na kila kilicho juu ni vizima, na tatizo lote umelishika mkononi. Lisipozunguka, umethibitisha kinyume chake, nako ni kujua pia: huna haja ya kununua ndoano. Wapo watakaosema kwamba ndoano mpya za kuiga ni rahisi, kwa nini kujisumbua, badilisha tu. Jibu ni kwamba kubadilisha bila kupima kunatibu ugonjwa usiojulikana. Kama ile ya kwanza iliganda kwa sababu mafuta hayafiki, mpya itaganda kwa sababu ileile, na mapema zaidi, maana ndoano mpya bado haijalainika. Ubadilishe ndoano, ndiyo, ukiona chuma chake kimegeuka rangi ya samawati kwa joto, au mfereji umechubuka kiasi cha kukwamisha ukucha. Hapo mafuta hayawezi kurudisha kilicholiwa.

Kama ndoano imetoka na gurudumu bado limegoma, kwea juu. Fungua bamba la upande wa kushoto wa kichwa. Utaona fimbo inayobeba sindano, ile ya mguu, na mkono wa uzi. Kwenye mashine iliyolala miaka mingi, fimbo ya sindano hushikwa na ulimbo ndani ya bushi zake mbili, ya juu na ya chini. Weka alama ya urefu wa fimbo pale inapotokeza kwenye bushi ya chini, legeza skrubu inayoishika, kisha ujaribu gurudumu bila fimbo hiyo. Kwa njia ileile unaweza kutenganisha juu na chini. Katika mashine zenye mkanda wa meno unaounganisha shafti mbili, kuutoa mkanda huo kunajibu swali papo hapo. Katika zile za gia, kulegeza gia kunavuruga mpangilio wote wa ndoano na sindano, kwa hiyo hatua hiyo iache iwe ya mwisho kabisa, na kama hujawahi kupanga gia, mpelekee anayejua. Nakusihi usione aibu kusimama hapo. Fundi anayepokea mashine iliyofunguliwa kwa utaratibu, ikiwa na alama zake na maelezo ya ulichokwisha kupima, atamaliza kazi kwa muda mfupi na kwa bei ndogo kuliko anayepokea kapu la skrubu.

Ulimbo na kutu vinaondolewa kwa subira, na swali linalozuka ni la mafuta gani. Mafuta ya taa yamezoeleka karakana nyingi, na wanaoyatetea wana hoja: yanayeyusha ulimbo kweli, tena kwa haraka. Shida ni kinachobaki baada yake. Yakishaondoka yanaacha chuma kitupu, na chuma kitupu katika hewa ya Tanga, Mombasa au Unguja hushika kutu haraka. Basi yatumie ukitaka, kwa kuosha tu, mbali na moto na plagi ikiwa imechomolewa, kisha uyafuate na mafuta halisi ya cherehani mpaka yatoke masafi kwenye kila bushi. Dawa za kopo za kulegeza kutu zichukulie vivyo hivyo: zinapenya vizuri, hazibaki. Petroli usiiguse. Mafuta ya kupikia ndiyo mabaya kuliko yote, kwa sababu ya alizeti na mengine ya jamii yake yakikaa hewani hukauka yakawa magumu kama rangi, na huenda baadhi ya ulimbo unaoukwangua leo ni mafuta ya kupikia ya mwaka juzi. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo asubuhi ya Arusha, Mbeya au Nairobi yanakuwa nta. Mafuta ya injini nayo ni mazito mno kwa shafti zinazokwenda kasi hiyo. Kinachofaa ni mafuta meupe ya cherehani, mepesi, yanayouzwa kwa daraja la 7 au 10 la uzito kwa mashine za kasi. Jaza kila tundu, laza usiku kucha, asubuhi tikisa gurudumu kidogo kidogo, ongeza, rudia. Siku mbili tatu za namna hiyo zinafungua mashine ambazo bomba la chuma lingezivunja kwa dakika moja.

Wapo watakaopinga: fundi mzoefu hupiga nyundo mara mbili na mashine ikafunguka, wateja wanangoja, nani ana siku tatu? Pingamizi hili linastahili kujibiwa vizuri, kwa sababu ni kweli kwamba mara nyingine nyundo hufungua. Lakini tazama kinachofunguka. Kama kilichoshika ni ulimbo, joto kidogo na mafuta vingefungua hivyohivyo. Kama ni kipande cha sindano, nyundo inakipitisha kwa nguvu kati ya vyuma viwili vyenye nafasi ya karatasi, nacho kinaacha mkwaruzo. Kama ni kutu kwenye shafti, kinachosogea kwanza mara nyingi ni skrubu ya gia wala si shafti. Gurudumu linazunguka, fundi analipwa, na wiki inayofuata mashine inaruka mishono, inakata uzi, inavunja sindano, na hakuna anayeihusisha nyundo na hayo. Gharama haikuepukwa, imeahirishwa. Joto ni msaidizi bora, ila liwe la draya ya nywele, ulielekeze kwenye mwili wa mashine palipo na bushi ili tundu lipanuke kidogo kuizidi shafti, kisha utie mafuta wakati pakiwa pa moto kiasi cha kugusika. Moto wa gesi unaunguza rangi na sili za mafuta, na unaweza kupinda kisichonyooka tena. Ama siku tatu, hizo ni za kungoja. Muda unaotumia mkono wako ni mchache, na upimaji wote wa mkanda, sindano, mguu, sifuri, bamba na bobini hauchukui hata saa moja.

Kuna kundi moja la mashine linaloleta mkanganyiko, zile za kushonea makochi, turubai na mabegi, ambazo mguu wake hutembea pamoja na kitambaa. Nyingi zina klachi ya usalama kwenye shafti ya chini: uzi ukijikaza kwenye ndoano, klachi inajiachia ili gia zisivunjike. Dalili yake ni gurudumu kuzunguka na sindano kushuka huku ndoano ikiwa imesimama. Hapo safisha uzi kwanza, kisha bonyeza kitufe kilichoko kwenye kitanda cha mashine na uzungushe gurudumu mpaka usikie klachi ikirudi mahali pake. Ukirudisha klachi kabla ya kutoa uzi itajiachia tena, na hiyo ndiyo kazi yake.

Gurudumu likishazunguka laini, usikimbilie kuwasha. Rudisha ndoano kwenye alama zako, halafu hakikisha kwa macho: weka sindano mpya ya aina inayohitajika, ambayo kwa mashine nyingi za sindano moja ni DB×1 yenye kisigino cha mviringo, mfereji wake mrefu ukitazama kushoto. Shusha sindano mpaka chini kabisa, iache ipande milimita 2 hivi, na hapo ncha ya ndoano iwe katikati ya sindano, juu kidogo ya tundu. Kisha rudisha kile kidole kinachozuia kikombe, kiingie kwenye pengo lake na kiache upenyo wa uzi kupita, kama nusu milimita. Kidole hiki ndicho kinachosahaulika kuliko vyote, na anayekisahau atakwamisha mashine upya kwa mzunguko wa kwanza, kwa sababu kikombe kitazunguka pamoja na ndoano na kuisaga sindano. Zungusha kwa mkono mizunguko kumi na zaidi, ukisikiliza. Mwaga mafuta ya zamani yaliyo kwenye trei, osha chujio la pampu, mimina mapya mpaka kati ya alama ya chini na ya juu. Funga mkanda, washa, na uende kwa kasi ndogo kwa dakika 10 hivi, bila uzi, mguu ukiwa umeinuliwa. Tazama kidirisha cha juu ya kichwa: mafuta yarukeruke humo. Yasiporuka, zima mara moja, maana pampu haivuti na ndoano inazunguka kavu. Mwisho, shika karatasi chini ya ndoano kwa sekunde 5 hivi, vidole vikiwa mbali. Mstari mwembamba wa mafuta ukijichora, ndoano inalishwa.

Kwa anayesimama mbele ya muuzaji akiulizwa kama atachukua mashine iliyogoma, jibu linatokana na hayohayo. Kukwama peke yake si sababu ya kuikataa, ni sababu ya kushusha bei. Ikatae kama kuna ufa kwenye mkono au kitanda, kama ukishika shafti inacheza juu na chini, kama meno ya gia yamevunjika, kama kuna dalili za kulala ndani ya maji, au kama vichwa vya skrubu za ndani vimechakaa na kulika. Hiyo ya mwisho inamaanisha mtu alishajaribu nguvu kabla yako. Muombe muuzaji akuruhusu kutoa mkanda na bamba hapohapo dukani. Asiyeruhusu hilo, mwachie mashine yake. Na mashine uliyoifungua ikikwama tena palepale kwenye ndoano ndani ya mwezi mmoja ilhali mafuta yanafika, usiilazie mafuta mara ya pili: ndoano yake imekwisha, nunua nyingine.